Bodi iliyoungua usiitupe

Mteja akiniletea diski iliyoungua, huwa namrudisha nyumbani akalete na chaji yake. Wengi hawalipendi jambo hilo. Mtu kaja na jua lote la Tanga, kanieleza msiba wake mwanzo hadi mwisho, halafu namwambia sifungui skrubu hata moja mpaka nione kilichokuwa kinaipa umeme. Lakini chaji haina soni. Mwenye mali atakwambia umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, maana hadithi hiyo haimtii mtu hatiani, na mara nyingine ni kweli. Chaji yenyewe imeandikwa ubavuni: volti 19, ampea 3.42. Diski ilikuwa inataka 12.

Diski za nje zipo za namna mbili. Zile ndogo za inchi 2.5, unazotia mfukoni, zinatosheka na volti 5 za USB. Zile kubwa za inchi 3.5, zinazokaa mezani, zina tundu la chaji kwa sababu mota ya kuzungusha sahani zake inakula volti 12. Plagi ya chaji hiyo ni ya duara, na kwa nje ina milimita 5.5, sawasawa na plagi za laptopu nyingi. Tofauti iko kwenye kitundu cha kati, 2.1 kwa 2.5, na tofauti hiyo inatosha kuifanya plagi ya laptopu ilegee kidogo tu. Inaingia bila kulazimishwa. Aliyebuni utaratibu huu wa plagi moja kwa volti kila aina, mimi nina neno naye.

Kaka mmoja anayepiga video za harusi alikuja dukani kwangu Ngamiani siku ya Ijumaa, watu wanatoka msikitini. Akasimama mlangoni, akachungulia ndani, akauliza, "Dada, fundi yupo?" Nimeshazoea. Nikamwambia fundi ndiye huyu unayesema naye, karibu kiti. Akakaa, akatoa kwenye mfuko diski ya terabaiti 4 ikiwa ndani ya kasha lake. Mle mlikuwa na hina, nikahi na walima za familia kadhaa, na hakuna hata moja iliyokwisha kukabidhiwa kazi yake. Mama mkwe wa mmoja wao alikuwa anampigia simu kila asubuhi.

"Ilifanya pwa," akasema, "halafu harufu."

"Ukafanyaje?"

"Nikachomoa. Kisha nikachomeka tena nione."

Huko kuona ndiko kunakoua diski. Mara ya kwanza kinaungua kitu kimoja kilichowekwa pale kiungue. Mara ya pili na ya tatu moto unatafuta vingine. Ikishatoa harufu, chomoa, iache hivyo hivyo, usiijaribu kwenye kompyuta ya jirani. Yeye alikuwa na bahati, maana chaji ile ya laptopu ilikuwa nzuri, yenye kinga yake. Ilipoona mzigo umezidi ikajikata yenyewe.

Nikaitoa diski kwenye kasha. Bodi za diski za siku hizi, yaani vile vibao vya saketi, zinalala kifudifudi: vipuri vyote vinaangalia ndani, upande wa bati la diski, na kwa nje unaona mgongo mtupu uliong'aa. Ndiyo maana mtu anakuapia kwamba haikuungua, iko safi kabisa. Unahitaji bisibisi ya nyota yenye ncha sita, saizi ya T8, na usitumie ya bapa, utazila skrubu vichwa. Nilipoinua bodi, ile sponji nyembamba nyeusi inayokaa katikati ilikuwa imeyeyuka kijishimo kimoja, ukubwa wa punje ya mtama. Kijishimo kilikuwa mkabala na tundu la umeme. Hapo nikaanza kupumua.

Karibu na tundu la umeme, kwenye bodi nyingi za inchi 3.5, kuna dayodi mbili nyeusi za mraba zinazoitwa TVS. Moja iko kwenye njia ya volti 5, nyingine kwenye njia ya 12. Siku zote hazifanyi lolote. Volti zikizidi kiwango, zinafungua njia na kuuteremsha umeme wa ziada kwenye hasi kabla haujafika kwenye chipu. Ile ya volti 12 ninayoiona sana, SMBJ12A, huanza kupitisha kwenye volti 13 na nukta kidogo. Shida ni kwamba imeumbwa kwa mshtuko wa milisekunde, ule wa umeme unaporuka. Haikuumbwa kusimama mbele ya volti 19 kwa sekunde nzima, na ampea 3 zinapita tumboni mwake. Inachemka, inapasuka, na inapokufa hufa kwa kupiga shoti: pande zake mbili zinaungana moja kwa moja. Basi njia nzima ya volti 12 inashuka hadi sifuri, chaji inakata, na vilivyo nyuma yake vinabaki salama.

Mteja akiona kitu kimepasuka anaona maiti. Mimi nikiona kilichopasuka ni dayodi hiyo, huwa naanza kukadiria bei.

Lakini jicho halitoshi, unapima. Tundu la umeme la SATA, muunganisho wa diski hizi, lina pini 15. Ya 4 hadi ya 6 ni hasi, ya 7 hadi ya 9 ni volti 5, ya 13 hadi ya 15 ni volti 12. Nikaweka mita kwenye mlio, waya mweusi kwenye tundu la skrubu la bodi, mwekundu kwenye pini ya 7. Kimya. Nikahamia ya 13. Ikalia mfululizo. Kwa hiyo njia ya 5 nzima, njia ya 12 ina shoti. Swali likabaki moja: shoti iko kwenye dayodi, au kwenye chipu kubwa ya kuendesha mota iliyo nyuma yake? Huwezi kujua mpaka uing'oe dayodi.

Nikaipaka flaksi, dawa ya kusaidia lehemu iyeyuke vizuri, nikaweka lehemu mpya pande zote mbili ili ile ya zamani ilainike, maana lehemu ya kiwandani isiyo na risasi inataka joto kali zaidi. Ncha ya kulehemu huku, ncha huku, kibano tayari. Ikatoka, nusu yake majivu. Kaka alikuwa amesimama juu ya bega langu.

"Sasa dada, unaitoa kabisa? Itafanyaje kazi bila hicho?"

"Itafanya. Ila haina kinga, kwa hiyo leo haiguswi na umeme mwingine zaidi ya wa hapa mezani."

Nikarudisha mita kwenye pini ya 13. Kimya. Hapo hapo kando ya dayodi kuna vijirezista vilivyoandikwa 0, ambavyo kazi yake ni kama fyuzi. Navyo nikavipima, kwa sababu vikikatika diski itakaa kimya na wewe utahangaika bure. Vilikuwa vizima. Kabla ya kufunga bodi nikasugua kwa kifutio cha penseli zile pedi zinazogusana na pini za vichwa vya kusomea. Huku pwani hewa ya chumvi inazitia weusi, na nimewahi kuona diski inagonga kwa sababu ya weusi huo peke yake.

Sikuiunganisha na kompyuta moja kwa moja. Nina pawa saplai ya mezani ambayo naweza kuibana ampea. Diski ya inchi 3.5 huvuta karibu ampea 2 kwenye volti 12 inapoanza kuzunguka, kisha inashuka. Ikivuta zaidi ya hapo na haishuki, unakata. Hii ikavuta, ikavuma, ikatoa kile kijimlio cha vichwa kutoka maegeshoni, ikatulia. Kaka akasema alhamdulillahi. Nikamwambia subiri kwanza.

Na kweli, kwenye kompyuta ikaonekana kwa jina lake na ukubwa wake wote, terabaiti 4, halafu Windows ikaja na kisanduku chake cha kuuliza: diski hii haijaandaliwa, niiandae? Kaka akaweka mikono kichwani. "Imefuta!"

Haikuwa imefuta. Kuna diski za nje ambazo ile bodi ndogo ya USB iliyo ndani ya kasha inasimba data zote zinazopita, hata kama mwenyewe hukuweka nywila yoyote. Ukiitoa diski kwenye kasha lake na kuisoma bila bodi hiyo, unaona takataka tupu. Kompyuta kwa wema wake inadhani diski ni mpya. Ukikubali kuandaa, umejitia kwenye kazi ya ziada isiyo na maana, na ukiendelea ukafomati na kuandika juu yake ndio umeharibu. Nimeona kasha zikitupwa kwa sababu "diski si tumeshaitoa". Usitupe kasha. Kaa nalo mpaka uone faili kwa macho.

Bodi ile ya USB nayo ilikuwa imepitiwa na volti 19 zile zile. Kwa hiyo kabla sijairudishia diski nikaipa volti 12 safi ikiwa peke yake, nikapima kinachotoka upande wa SATA: 12 na 5, zimenyooka. Ndipo nikaunganisha. Mafolda yakajipanga, moja moja, na la kwanza lilikuwa la hina. Sikumruhusu hata afungue video aangalie. Nikamwambia akalete diski tupu, tunakili kwanza, mengine baadaye. Nakala ilipokwisha nikalehemu dayodi mpya, na chaji ya laptopu nikaizungushia utepe mwekundu. Harusi zilikabidhiwa. Mama mkwe sijui alisemaje.

Hiyo ndiyo kazi nyepesi, na Mungu akipenda ndiyo inayokuja mara nyingi. Nzito ni pale unapong'oa dayodi na mita bado inalia, au unakuta chipu ya mota imetoboka katikati. Hapo kila mtu aliyetazama video za mafundi atakwambia dawa ni kununua diski nyingine kama hiyo, kuhamisha bodi, basi. Zamani ilikuwa hivyo. Diski za miaka ya 1990 nyingi zilikubali, na mafundi waliojifunza enzi hizo wanaendelea kufundisha hivyo hivyo.

Za sasa hazikubali, na sababu yake inaeleweka ukiijua. Kiwandani kila diski hupimwa peke yake: vichwa vyake vina usikivu gani, kipi kinafanya kazi, mkono unasogea kwa nguvu kiasi gani. Vipimo hivyo huandikwa kwenye chipu ndogo ya ROM juu ya bodi, yenye miguu minane, mara nyingi ya jamii ya 25. Bodi ya diski nyingine, hata ikiwa na namba ile ile herufi kwa herufi, imebeba vipimo vya diski nyingine. Ukiifunga, diski yako itazunguka na kuanza kugonga, au itakaa isionekane kabisa. Na kugonga si jambo la kuachia, kwa sababu kichwa kinaelea juu ya sahani kwa nanomita chache, na kila pigo ni kamari.

Baba mmoja mwenye steshenari aliniletea diski iliyokuwa inagonga namna hiyo. Si ya nje, ya ndani ya kompyuta ya mezani. Ilikuwa na hesabu zake zote za duka na mitihani ya shule anazochapia. Pawa saplai ya kompyuta ilikufa, na ilipokufa ikapitisha kila ilichokuwa nacho. Alikuwa ameshapita kwa fundi mwingine, ambaye aliagiza diski pacha kutoka Kariakoo, ikaletwa kwa basi, akahamisha bodi, diski ikaanza kugonga, akasema vichwa vimekufa.

Nikamwamkia, nikamsikiliza, kisha nikauliza, "Mzee, ile bodi ya zamani iko wapi?"

"Alisema ni uchafu. Nadhani kaitupa."

Hapo nilikasirika, nikameza. Bodi iliyotoboka chipu ya mota bado imebeba ROM nzima, na ile ROM ndiyo iliyobaki duniani yenye vipimo vya diski ile. Kwenye baadhi ya diski wataalamu wenye mitambo ya gharama wanaweza kuunda ROM upya kutokana na nakala iliyoandikwa kwenye sahani zenyewe, ila mimi sina mitambo hiyo. Nikamwambia, mzee, rudi kwa huyo bwana, kwa upole, usiende na maneno, umwombe akuonyeshe anapotupa vyuma vyake.

Jioni akarudi na kopo la maziwa ya unga limejaa bodi za diski hadi juu. Fundi yule kampa kopo zima. Nikalimwaga kwenye gazeti. Bodi zina namba zake zilizochapwa kwenye kijani chenyewe, tofauti na ile ya stika, na namba hiyo ndiyo ya kufuata. Za kampuni moja kubwa huanza na 2060, na ya mzee ilikuwa ya jamii hiyo, kwa hiyo nikazitenga. Kati ya hizo, iliyofanana na bodi ya pacha tarakimu zote ilikuwa moja, na chipu yake ya mota ilikuwa na tundu ambalo ungepitisha ncha ya pini. Mzee akaitambua kwa alama ya moshi iliyokuwa imechora kama mkia.

Kwenye familia hii ya bodi, mahali pa ROM pameandikwa U12. Kuna bodi ambazo pale pako wazi, kwa kuwa ROM imo ndani ya chipu kubwa yenyewe, na hapo kazi inageuka kuwa nyingine kabisa. Ya mzee ilikuwa na chipu yake, miguu minane, na kinukta cha mguu wa kwanza kinaonekana.

Sikuikimbilia kwa moto. Niliisoma kwanza kwa programa ndogo ya CH341A, kifaa cha kusoma na kuandika chipu, kinachouzwa bei ya mlo wa watu wawili. Nikaisoma mara mbili na kulinganisha mafaili: yakitofautiana hata baiti moja, mguso ni mbovu, rudia. Yakalingana. Nikaweka nakala kwenye flashi. Baada ya hapo hata chipu ikiniungulia mkononi, maneno yake ninayo.

Na kabla ya kuiamini bodi ya pacha nikapima mota ya diski kwenye pedi zake nne. Ohmu chache kati ya pedi ya pamoja na kila moja ya zile tatu nyingine, na zinalingana. Ingekuwa mota yenyewe ina shoti, ningeiunguza bodi ya pili papo hapo. Wengi hawapimi hapo, wanashangaa bodi tatu zimekwenda.

Kuhamisha ROM ni kazi ya dakika, ukiwa na upepo wa moto na mkono uliotulia. Unazingira jirani zake kwa utepe wa kuzuia joto, unapuliza mpaka lehemu ing'ae, unainua kwa kibano bila kuvuta. Ikikataa kuinuka, haijaiva, na ukivuta utang'oa na pedi. Kinukta kikae kilipokuwa. ROM ya pacha nayo nikaiweka kwenye bahasha na kuandika ni ya nani.

Diski ikazunguka, ikatoa mlio wake wa kuanza, haikugonga. Mzee aliyekuwa anazungusha tasbihi akaacha. Niliinakili yote sekta kwa sekta kwenye diski nyingine, na ilichukua usiku mzima kwa sababu sehemu chache za sahani zilikuwa zimejeruhiwa, nadhani na kule kugonga. Hesabu za duka zilitoka. Mitihani ya shule moja ilitoka nusu, na nusu nyingine alikuwa nayo kwenye karatasi.

Zipo ambazo nazikataa mlangoni. Ikiwa volti 12 ziliingia kwenye njia ya 5, kwa mfano ile plagi ya zamani ya pini nne iliyolazimishwa kinyume, au waya za pawa saplai ya aina moja zimechomekwa kwenye pawa saplai ya aina nyingine, kinachoweza kuungua ni hata kikuza ishara kilicho kwenye mkono wa vichwa, ndani ya diski. Huko bodi haina msaada. Hapo panatakiwa chumba kisicho na vumbi, na sitaifungua diski ya mtu juu ya meza hii, feni inazunguka na vumbi la barabarani linaingia, eti nijaribu. Namwambia ukweli, simtozi, na namwonya asimpe atakayejitolea kuifungua.

Mzee wa steshenari alitaka nimwandikie barua ya kumdai fundi wa kwanza fedha zake. Sikuandika. Bodi nyingine nilizirudisha zote kwenye kopo, nikamwambia alirudishe lilikotoka, na amwambie yule bwana zimo mali za watu, asizimwage.